Tafuta kwanza siku ya hasara: kwa mnaoanza onyesho la mtu mmoja

Wadogo zangu mnaoingia kazi hii, nianze na lile lililonichukua miaka mitatu kulielewa. Watu wa vituko katika historia ya Marekani wanauzika upesi jukwaani. Vaa koti la kijeshi lenye vifungo vya shaba, chomeka manyoya kwenye kofia, tamka kwamba wewe ndiye Norton wa Kwanza, Mfalme wa Marekani, na ukumbi utacheka kabla hujagusa gitaa. Kicheko hicho ni kitamu, na nusura kiliue onyesho langu. Watu walicheka dakika kumi, kisha nikaona nyuso zikimulikwa na simu. Nilikuwa nimewapa vazi, mtu sikuwapa.

Nikarudi kusoma. Joshua Norton alizaliwa Uingereza, akakulia Afrika Kusini, akafika San Francisco mwaka 1849 na kuwa mfanyabiashara wa kuheshimika. Mwishoni mwa 1852 mchele uliadimika mjini kwa sababu China ilizuia usitoke nje. Norton akakubali kununua shehena ya mchele kutoka Peru, uzito wa pauni 200,000, kwa dola 25,000, akitegemea kuwa muuzaji pekee. Muda si muda meli nyingine za mchele wa Peru zikatia nanga, bei ikaporomoka hadi senti 3 kwa kila pauni ya uzito. Kesi yake ilifika Mahakama ya Juu ya California, akashindwa, na mwishowe akafilisika. Septemba 1859 ndipo alipopeleka gazetini tangazo la kujitawaza.

Wimbo wake uwekwe wapi? Wengi huuweka kwenye tangazo. Mimi nimeuweka bandarini: amesimama, anahesabu milingoti inayoingia. Kila kiitikio kinaporudi, bei imeshuka, na mimi nimeshusha mkono kwenye gitaa hadi unabaki uzi mmoja. Tangazo la ufalme linafuata kwa maneno matupu, bila muziki. Wako wanaocheka bado, lakini wanacheka polepole, na hakuna anayetoa simu.

Tangu hapo, kabla sijamwandikia mtu ubeti hata mmoja, natafuta siku aliyopata hasara. Carry Nation, yule mama wa Kansas aliyevunja baa, watu wanamjua kwa shoka. Kumbe huko Kiowa, Juni 1900, alianza kwa mawe. Shoka lilikuja baadaye, na akauza vishoka vidogo vya ukumbusho kulipia faini zake. Lakini rudi nyuma miaka thelathini na ushei. Aliolewa na daktari kijana, Charles Gloyd, mlevi wa kupindukia. Carry akamwacha mumewe akiwa na mimba yake, na haukupita muda mrefu daktari akafa. Basi mimi simpi wimbo wa vita. Nampa wimbo wa kubembeleza mtoto, na wakati wote ninapouimba, shoka liko mapajani pangu limefungwa kwenye kanga ya mama yangu.

Victoria Woodhull, aliyegombea urais mwaka 1872 na siku ya uchaguzi ikamkuta korokoroni, bado sijampatia wimbo wa kuniridhisha. Yeye sioni kama alisukumwa na hasara. Alisukumwa na hamu. Nitaendelea kumtafuta.

Kuhusu hadithi za mitaani, kuweni waangalifu sana. Ile amri maarufu ya Norton ya kumtoza dola 25 atakayeifupisha San Francisco kuwa "Frisco" haijaonekana katika magazeti ya enzi zake. Wale mbwa wa mitaani wa San Francisco, Bummer na Lazarus, hawakuwa wake pia, ingawa michoro mingi inamweka nao. Mimi nilikuwa na wimbo mzima wa mbwa hao. Mzee mmoja alinisubiri baada ya onyesho, akanishika bega akasema, "Mwanangu, wale mbwa walikuwa wa mji." Niliufuta usiku huohuo, na uliniuma, maana ulikuwa mzuri. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka magazeti mengi ya zamani mtandaoni bure, hamna kisingizio. Nyimbo zilizochapishwa huko karne ya 19 mnaweza kuzitumia bila kulipa mtu, ila mpangilio mpya wa wimbo wa zamani au rekodi ya mtu mwingine ni mali ya mwenyewe.

Maleba yapunguzeni. Nilikuwa na kofia tisa na meza nyuma ya pazia, na kila nikienda kubadilisha, ukumbi ulipoa. Sasa ninabadilisha uti wa mgongo tu: Norton kifua mbele, Nation miguu imekaza sakafu, na kila mmoja ana pumzi yake. Sauti nayo itunzeni kwa kupanga nyimbo. Msiweke za juu mbili mfululizo. Nilifanya hivyo nikapoteza sauti kwa siku kumi na moja.

Nimemwacha Henry Brown mwisho kwa sababu hata mimi ninamweka mwisho. Wako wanaomworodhesha kwenye vituko, mtumwa aliyetoroka kwa kujisafirisha kama mzigo ndani ya sanduku. Agosti 1848, mkewe Nancy, mjamzito, aliuzwa pamoja na watoto wao watatu, na Brown akatembea kando ya msafara ameshika mkono wake. Machi iliyofuata akafungiwa kwenye sanduku la urefu wa futi 3 hivi, kutoka Richmond hadi Philadelphia, saa 27, sehemu ya safari akiwa kichwa chini. Baadaye alilibeba sanduku lilelile hadi kwenye majukwaa ya Uingereza. Huyu ni mkubwa wetu katika kazi hii.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nikachonga sanduku la vipimo vyake, rafiki yangu akagonga kifuniko, nikakaa dakika ishirini. Magoti yalikufa ganzi, ulimi ukakauka. Nilipofunguliwa nilijaribu kuimba, sauti ikatoka imepasuka vipande viwili. Sijairekebisha tena.

Brown alipotoka aliimba Zaburi ya 40. Onyesho zima ninafanya kwa Kiingereza, lakini hapo ninaimba kama nilivyofundishwa kanisani Tanga, bila gitaa: "Nalimngoja Bwana kwa saburi, akaniinamia akakisikia kilio changu." Mwombeni fundi wa taa asiwashe chochote hadi mstari huo uishe. Waache wausikie wakiwa gizani, kwenye giza lile nililotoka nalo sandukuni.