Hoki ya magurudumu ya wanaume, au magurudumu ya wanaume?

SWALI: Mimi hutafsiri taarifa za michezo. Nimepewa makala kuhusu historia ya mashindano ya dunia ya wanaume ya ile hoki inayochezwa kwa viatu ambavyo magurudumu yake yamefuatana katika mstari mmoja, mashindano ambayo shirikisho la hoki ya barafuni liliyaanzisha Marekani mwaka 1996. Kichwa changu kilisomeka hivi: "Mashindano ya Kimataifa ya Dunia ya Hoki ya Ndani ya Mstari ya Wanaume". Mhariri wangu alikikataa, akaandika badala yake: "Mashindano ya Dunia ya Mpira wa Magongo wa Magurudumu ya Wanaume". Ni nani kati yetu aliyepatia? Na je, niandike "Marekani ilitwaa" au "Marekani walitwaa" ubingwa?
Mfasiri, Mombasa

JIBU: Hakuna aliyepatia kabisa, ingawa mhariri wako amekaribia zaidi. Tuanze na lile lililo rahisi kuliondoa. Maneno "ndani ya mstari" yametokana na kulikata neno la Kiingereza "inline" vipande viwili na kukitafsiri kila kipande peke yake. Msomaji wa Kiswahili akiyaona atadhani kwamba habari ni ya mchezo unaochezwa ndani ya mstari uliochorwa uwanjani, na kwa kuwa michezo mingi ya timu huchezwa ndani ya mistari, atakuwa hajaelezwa lolote. Kinachotajwa ni umbo la kiatu, si umbo la uwanja.

Mhariri wako alilitambua hilo, ndiyo maana akayataja magurudumu. Tatizo ni kwamba "hoki ya magurudumu" peke yake haitoshi, kwa sababu iko michezo miwili ya hoki inayochezwa kwa viatu vya magurudumu, na yote miwili ina mashindano yake ya dunia. Mmoja ni wa zamani zaidi: ubingwa wake wa dunia ulianza kuwaniwa mwaka 1936 mjini Stuttgart, wachezaji wake huvaa viatu vyenye magurudumu manne yaliyokaa mawili mbele na mawili nyuma, nao hupiga mpira mdogo mgumu kwa magongo mafupi yaliyopinda. Huo ndio mchezo wanaoupenda Wareno, Wahispania, Waajentina na Waitaliano, na ndio uliopata mizizi Angola na Msumbiji. Msumbiji ilimaliza ya nne duniani mwaka 2011, na Angola ikawa mwenyeji wa mashindano ya dunia mwaka 2013. Kwa hiyo mtu wa Pemba ya Msumbiji, ambaye huenda Kiswahili anakielewa vizuri, akisoma "hoki ya magurudumu" atafikiria mchezo huo wa nyumbani kwake, ilhali makala yako inazungumzia mwingine.

Mchezo wako ni ule wa kiatu ambacho magurudumu yake yamefuatana, moja nyuma ya jingine, chini ya unyayo. Napendekeza "hoki ya magurudumu ya safu moja", na ule wa kwanza uitwe "hoki ya magurudumu ya jozi" pale inapobidi kuitenganisha miwili hiyo. Nimechagua "safu" badala ya "mstari" kwa sababu mstari ni kitu kinachochorwa, na uwanja wa mchezo umejaa mistari. Safu ni vitu au watu waliopangwa, kama wanavyopangwa waumini katika swala, na hivyo ndivyo magurudumu hayo yalivyo. Najua kwamba watangazaji wa soka wameshalizoea neno hilo katika "safu ya ulinzi" na "safu ya ushambuliaji", na hiyo ndiyo sababu ya kulibakiza neno "moja": hakuna atakayedhani kwamba "safu moja" ni ya mabeki. Ukishaitaja hoki yako kwa jina lake kamili mara moja katika aya ya kwanza, unaweza kuendelea na "hoki ya magurudumu" au "hoki" tu hadi mwisho wa makala.

Sasa "mpira wa magongo". Jina hili ni zuri, na wala sitaki lifutike, lakini lina mwenyewe. Katika Kenya na Tanzania mpira wa magongo ni ule wa uwanja wa nyasi, uliowapeleka Wakenya hadi nafasi ya nne katika Kombe la Dunia la kwanza, Barcelona, mwaka 1971, na uliowapeleka wanaume wa Tanzania kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Zaidi ya hayo, katika hoki ya magurudumu ya safu moja hakuna mpira. Kinachopigwa ni kidude bapa cha duara, chepesi kuliko kile cha barafuni, ambacho kwa kawaida huwekewa vijipini vidogo ili kisikwaruze sakafu. Kukiita mpira katika jina la mchezo kutakulazimisha baadaye uandike "mchezaji aliupiga mpira" mahali ambapo hapana mpira. Tumia "hoki", neno ambalo kamusi zetu zinalikubali na ambalo halibebi mpira ndani yake. Kile kidude kiite "kisahani". Ni kweli kwamba kisahani tayari kinarushwa katika riadha, lakini kule kinarushwa kwa mkono na huku kinapigwa kwa gongo, na sentensi yenyewe itatosha kuvitenganisha.

Kiini cha swali lako, kwa maoni yangu, si msamiati bali ni kile kihusishi kidogo cha a-unganifu, na hapo ndipo nyote wawili mmeteleza. Tazama kichwa cha mhariri: "Mashindano ya Dunia ya Mpira wa Magongo wa Magurudumu ya Wanaume". Je, wanaume ni wa nini? "Ya" haiwezi kurudi kwa mpira, kwa sababu mpira unadai "wa". Miongoni mwa nomino zinazokubali "ya" zimo mashindano na magurudumu, zote zikiwa za wingi wa ngeli ya LI-YA, na msomaji huifuata ile iliyo karibu. Kwa hiyo mhariri ametangaza, bila kukusudia, mchezo unaochezwa kwa magurudumu ya wanaume, kana kwamba yako madukani magurudumu ya kiume na ya kike.

Usidhani kwamba utaponyoka kwa kutumia jina nililolipendekeza mimi. Ukiandika "Mashindano ya Dunia ya Hoki ya Magurudumu ya Safu Moja ya Wanaume", mambo yanaharibika zaidi, maana "safu moja ya wanaume" ni maneno yenye maana kamili yenyewe, nayo maana hiyo ni wanaume waliojipanga. Kihusishi "ya" sasa kinaweza kurudi kwa safu, kwa magurudumu, kwa hoki au kwa mashindano: nomino nne, na sarufi haikusaidii kuchagua hata moja.

Lugha yetu, hata hivyo, ina dawa ya ugonjwa huu, nayo ni kuipa nomino kuu ngeli inayojitofautisha na zile zinazofuata. Linganisha na "Kombe la Dunia la Raga la Wanawake". Hapo hakuna anayebabaika, kwa sababu "la" ya mwisho haiwezi kuwa ya raga. Inaruka juu ya raga na kurudi moja kwa moja kwa kombe. Ndivyo unavyoweza kufanya kwa "ubingwa", ambao hudai "wa": "Ubingwa wa Dunia wa Hoki ya Magurudumu wa Wanaume". Ile "wa" ya mwisho inayapita magurudumu na hoki bila kugusa chochote, kwa kuwa hakuna kati yao kinachoikubali. Kichwa hiki ni kifupi na ni sahihi, nami ningekiweka juu ya makala, maana jina kamili la mchezo litafuata katika aya ya kwanza.

Ndani ya makala, ambapo nafasi ni kubwa na ambapo mara nyingi utahitaji neno "mashindano" lenyewe, wasogeze wanaume mbele, wakae karibu na nomino yao: "mashindano ya wanaume ya kuwania ubingwa wa dunia wa hoki ya magurudumu ya safu moja". Sentensi ni ndefu, lakini kila kiungo kinaonekana kinashika nini. Wako wanaopenda kuandika "kwa wanaume" mwishoni, na hilo si kosa, ingawa katika kichwa cha habari linasikika kama agizo la hospitali kuhusu dawa ya kupaka.

Kuhusu "ya Kimataifa ya Dunia", chagua moja. Ubingwa wa dunia hauwezi kuwa wa taifa moja, kwa hiyo "kimataifa" hapo haiongezi kitu. Neno hilo liwekee mashindano ya mwaliko, yanayokutanisha timu za nchi mbalimbali bila kumpata bingwa wa dunia. Jambo ambalo kichwa chako kingelihitaji kweli, na ambalo halikuwamo kwa yeyote kati yenu, ni jina la shirikisho. Kwa miaka zaidi ya ishirini palikuwa na mabingwa wa dunia wa aina mbili katika mchezo huu huu. FIRS, yaani Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Magurudumu, lilianza mashindano yake Chicago mwaka 1995. Mwaka uliofuata IIHF, yaani Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni, likaanza ya kwake Minneapolis na St. Paul. IIHF iliachana na mchezo huu baada ya mashindano ya Bratislava ya mwaka 2017, na FIRS mwaka huo huo ikageuka kuwa World Skate, ambayo ndiyo inayoendelea kuyaandaa ya upande wake. Kuandika tu "bingwa wa dunia wa mwaka 2009" bila kusema wa shirikisho lipi ni kumwachia msomaji kazi ya kubahatisha. Andika "mashindano ya IIHF" au "mashindano ya FIRS" kila panapoweza kutokea shaka.

Ukiwa katika kueleza mfumo wa IIHF utakutana na tatizo jingine ambalo, kwa bahati, limeshatatuliwa na soka. Timu zake 16 ziligawanywa katika makundi mawili ya timu nane nane, na lile la chini ndilo lililoitwa la kwanza. Afrika Kusini, kwa mfano, ilicheza humo. Tafsiri "Daraja la Kwanza" bila woga, na lile la juu uliite "Daraja la Juu". Wasomaji wa Tanzania kwa miaka mingi walikuwa na Ligi Daraja la Kwanza iliyokuwa chini ya Ligi Kuu, kwa hiyo hawatashangaa kwamba wa kwanza yuko chini ya mwingine.

Machache mengine niliyoyaona katika rasimu uliyoniambatishia. Umeandika kwamba wachezaji "walivaa sketi". Najua ulikusudia neno la Kiingereza "skates", lakini sketi kwa Kiswahili ina mshono na kiuno, na picha inayojitokeza ya Wamarekani wanne na kipa wao wakiwa hivyo uwanjani haina uhusiano na historia ya mchezo. "Viatu vya magurudumu" vinatosha. Kitenzi "kuteleza" kiache kama kilivyo. "Kubiringika" hakifai, kwa maana mtu anayebiringika ameshaanguka. Vile vipindi vinne vya dakika 12 katika mechi za IIHF viite "kipindi cha kwanza" hadi "kipindi cha nne", wala usiviite "robo", kwa sababu "Kanada iliongoza katika robo" itasomwa kama robo fainali. Na uwe mwangalifu na herufi moja: waliotwaa ubingwa wa IIHF mara tatu mfululizo, mwaka 2007, 2008 na 2009, ni Uswidi, si Uswisi. Uswisi ndiko zilikokuwa ofisi za mashirikisho yenyewe, na makala yako inazitaja nchi zote mbili katika aya moja.

Limebaki la "ilitwaa" na "walitwaa". Zote mbili zinasikika kila siku redioni, na sitamhukumu mtangazaji anayesema "Marekani wamefunga" huku kisahani kikiwa bado wavuni, kwani macho yake yanawaona watu. Katika maandishi ya uangalifu mimi hufuata kiima kilivyo. Jina la nchi au neno "timu" likiwa kiima, upatanisho ni wa ngeli ya I-ZI: "Marekani ilitwaa ubingwa wa kwanza". Wakitajwa watu, upatanisho ni wa watu: "Wamarekani walitwaa", "mabingwa watetezi walifungwa". Kisichokubalika ni kuchanganya katika sentensi moja, kama ulivyofanya hapa: "Marekani ilianza vibaya lakini wakajirekebisha na ikashinda." Msomaji anaanza na nchi, anapelekwa kwa watu, kisha anarudishwa kwenye nchi kabla hajafika kwenye nukta. Andika "Marekani ilianza vibaya, ikajirekebisha, ikashinda", au, ukitaka watu waonekane, "Wachezaji wa Marekani walianza vibaya, wakajirekebisha, wakashinda".