Wakosoaji wanaposifu filamu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninaandika maoni kuhusu filamu za nje na vitabu vya katuni kwa ajili ya wenzangu chuoni. Juzi niliandika, "Wakosoaji wengi wameisifu filamu hii." Mwenzangu mmoja akasema nimejipinga mwenyewe, kwani mtu hakosoi akasifu kwa mkupuo mmoja. Je, nimekosea? Na je, ni sahihi kuziita filamu za nchi mbalimbali "filamu za kidunia"? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Mwenzako ana hoja, na anastahili jibu la kutosha, kwa sababu sentensi kama yako tunaisoma magazetini kila wiki.

Kitenzi kosoa kimezaliwa na kosa kwa kauli ya kutendua, ileile iliyotupa chomoa kutoka choma na fumua kutoka fuma. Anayekosoa anatoa kosa lililopo. Mwalimu hukosoa insha, mzee humkosoa kijana, na wanachama waliambiwa wajifunze "kukosoa na kujikosoa". Ndani yake mna nia njema, tofauti kabisa na kuponda, lakini lazima pawe na kosa la kutolewa. Mtu aliyetazama filamu hadi mwisho, akaridhika nayo na kueleza kwa nini imemridhisha, amekosoa nini? Wakosoaji kama jina la kazi nzima ya watu hawa nadhani limeenea kwa sababu ya habari za nje zinazotafsiriwa mbiombio, mhariri akichukua neno la kwanza linalomjia. Jina lao tunalo siku nyingi: ni wahakiki.

Hapo naomba tutulie kidogo, maana neno hili lina uzito ambao shule imeupunguza. Hakiki lina undugu na haki na hakika. Kuhakiki ni kupata uhakika wa jambo. Mtanzania yeyote aliyekuwa kazini serikalini mwaka 2017 anakumbuka uhakiki wa vyeti: hukuulizwa kama unakipenda cheti chako, kilitazamwa kama ni cha kweli. Uhakiki wa filamu unadai vivyo hivyo. Ukisema filamu ni nzuri, onyesha uzuri uko wapi, ili msomaji akaitazame aone kama ulilosema ni kweli.

Chukua "Borom Sarret", filamu fupi ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1963. Anayeandika "filamu inasikitisha sana, nimeipenda" ametoa maoni, na maoni si dhambi. Mhakiki atakuonyesha tukio. Mwenye mkokoteni amempeleka abiria kwenye mtaa wa wakubwa wa Dakar, ambako mikokoteni hairuhusiwi. Askari anamsimamisha, nishani ya mwenye mkokoteni inadondoka, na askari anaikanyaga kwa kiatu. Hakuna hotuba yoyote juu ya dharau, kiatu na nishani vimemaliza. Ukiandika hivyo, umesifu, na kila aliyeitazama anaweza kukuunga mkono au kukupinga kwa ushahidi uleule.

Uchambuzi nao ni jirani, lakini nyumba ni nyingine. Watu wa Pemba wanapochambua karafuu hutenga punje na vikonyo, na mchambuzi wa filamu anafanya vivyo hivyo kwa picha, sauti, uigizaji na mpangilio wa matukio. Anaweza kuishia hapo bila kutoa hukumu yoyote. Mhakiki huchambua kwanza, kisha hupima. Ila uwe mwangalifu usije ukateleza ukaandika kumchamba mwongozaji, kwani kuchamba ni kumsema mtu maneno ya kumvunjia heshima, na mengi yanayoitwa maoni ya filamu siku hizi yako karibu zaidi na hilo.

Je, kukosoa kuna nafasi? Sana. Kitabu cha katuni cha Hergé wa Ubelgiji kuhusu safari ya Tintin, mwanahabari kijana wa kubuni, huko Kongo kilianza kutoka gazetini Brussels mwaka 1930. Mle Tintin anaingia darasani kuwafundisha watoto wa Kongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Katika toleo la 1946 somo hilo liligeuzwa likawa la hesabu, lakini namna ya kuwachora Wakongo ilibaki ya dharau. Mwaka 2007 Mkongo mmoja aishiye Ubelgiji alianza kukishitaki, na mwaka 2012 mahakama ya Brussels ikakataa kukipiga marufuku. Hapa andika bila wasiwasi kwamba kitabu kimekosolewa, hata kushutumiwa, kwa kuwa kosa lipo na linaonekana kwa macho. Na bado mhakiki huyohuyo anaweza kukiri kwamba mkono wa mchoraji ulikuwa na ufundi. Uhakiki unabeba yote mawili, ukosoaji unabeba moja.

Kwa hiyo sentensi yako iwe: "Wahakiki wengi wameisifu filamu hii, ingawa baadhi yao wameikosoa sauti yake."

Umetaja vitabu vya katuni, nami ninakusifu kwa kutoacha neno kitabu. Kwetu katuni ni mchoro mmoja wa gazetini wa kumsuta mwanasiasa, ni hadithi ndefu iliyochorwa, na ni filamu ya michoro wanayotazama watoto; vibonzo nalo linatumika hivyohivyo. Ukiandika tu "nimehakiki katuni", msomaji hajui kama ulisoma au ulitazama. Sema hadithi ya katuni, kitabu cha katuni, filamu ya katuni. Na usizihakiki kwa fani na maudhui tulivyozoeshwa kwenye riwaya pekee. Mchoro nao ni fani: unene wa mstari, ukubwa wa kisanduku, mahali maneno yalipowekwa. Uhakiki wa katuni usiogusa hata mchoro mmoja ni muhtasari wa hadithi, na muhtasari msomaji hakukuomba.

Sasa "filamu za kidunia". Hili liache. Ki- hapo inaleta maana ya namna au tabia, na kwa Mswahili, hasa aliyelelewa kanisani au msikitini, mambo ya kidunia ni kinyume cha mambo ya dini. Nyimbo za kidunia ni zile ambazo kwaya haziimbi. Ukiwaalika wenzako kutazama filamu za kidunia, baadhi yao watadhani unawaita kwenye anasa, na wazazi wao watakuwa na neno nawe. "Sinema za dunia" haina doa hilo, lakini haielezi kitu, maana hata filamu za Marekani na za hapa Tanzania ni za dunia hii. "Filamu za kigeni" inafaa pale unapozitenganisha na za kwetu. Ukitaka kuzikusanya zote, za kwetu zikiwemo, sema filamu za mataifa mbalimbali. Penye nafasi ya maneno mawili zaidi, taja nchi: filamu ya Senegal, ya Iran, ya Korea Kusini. Au taja kinachoziunganisha, kama walivyofanya Zanzibar walipoita tamasha lao Tamasha la Filamu la Nchi za Jahazi.