Muulize Baharia: Meli Moja, Milango Mingi

Mwandishi wa safu hii alianza kazi kama mhudumu kwenye meli za ziwani, akaenda nje kuhudumu kwenye meli za kitalii, na sasa ni mstaafu wa Pasiansi, Mwanza.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi nauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Binti yangu ni nesi Uingereza, na mwakani anataka kunipeleka mimi na baba yake tukapumzike kwenye meli ya kitalii, kutoka Barcelona mpaka Italia na kurudi, wiki moja. Kanitumia bei mbili. Ya kwanza ni chumba chenye kibaraza. Ya pili ni sehemu inayoitwa Yacht Club, ina mlango wake, bwawa lake, ukumbi wake wa chakula na mtu wa kututumikia, ila bei ni karibu mara tatu. Yeye anang'ang'ania tukae huko kwa wakubwa. Mimi naona haya. Halafu najiuliza, inakuwaje watu wapande meli moja wasionane? – Mama Dagaa, Kirumba

JIBU: Marahaba, mayu. Chukueni chenye kibaraza, na hela itakayobaki mkaile Roma. Jibu ndilo hilo. Yanayofuata ni maelezo, na yatakuwa marefu kidogo, maana hizo Yacht Club na wenzake nimeziona nikiwa na trei mkononi.

Kwanza haya uiache. Madaraja si mageni kwako. Bila shaka umeshapanda Victoria kwenda Bukoba: juu vyumba vya kulala, chini mabenchi, na safari ya kurudi usipime, mikungu ya ndizi imekaa vizuri kuliko watu. Tiketi imeandikwa daraja, karani wa dirishani analitaja kwa sauti, na wa la tatu anajua wa la kwanza kalipa shilingi ngapi. Hata MV Mwanza, ile iliyojengwa hapa hapa Mwanza Kusini ikashushwa majini Februari 2023, imegawanywa mchana kweupe. Kati ya abiria wake 1,200, wawili ni VVIP, wanne VIP, 60 daraja la kwanza, 100 la biashara, 200 la pili, na waliobaki, 834, la tatu. Unaweza kuupenda mgawo huo au kuuchukia, lakini umesomewa kabla hujalipa.

Meli za kitalii zilipita njia nyingine. Zile kubwa za zamani zilizokuwa zikivuka Atlantiki zilitenga watu kuliko sisi. Hata France, fahari ya Wafaransa iliyoanza safari mwaka 1962, ilikuwa na abiria wa daraja la kwanza na wa daraja la kitalii, kila kundi na ukumbi wake wa kulia. Ndege za jeti zikaua biashara hiyo. Wakaja wenye kampuni kama Carnival, walioanza mwaka 1972 na meli kuukuu waliyoipa jina la Mardi Gras, wakauza kitu kipya: sherehe ya wote. Vyumba vilitofautiana, ndiyo, lakini ukishafunga mlango wako ukatoka, mnakula pamoja, mnaogelea pamoja, mnacheza muziki mmoja. Ile France nayo ikanunuliwa, na mwaka 1980 ikaanza maisha mapya Karibiani kwa jina la Norway, safari hii bila madaraja. Kampuni ya Cunard ndio waliobaki na mila yao. Mpaka leo kwenye Queen Mary 2 chumba ulicholipia ndicho kinachoamua utakula wapi, Britannia, Princess Grill au Queens Grill.

Kisha mambo yakaanza kugeuka. Mwaka 2008 kampuni ya MSC walitoa meli ya Fantasia ikiwa na Yacht Club ya kwanza, hiyo hiyo anayoitaka binti yako. Kampuni ya Norwegian wana sehemu yao kama hiyo, The Haven. Wenzao wa Celebrity wana The Retreat. Royal Caribbean tangu mwaka 2016 wamepanga wageni wao wa vyumba vya kifahari kwa ngazi tatu, na wa ngazi ya juu anapewa mtu anayeitwa Royal Genie, yaani jini wa kutimiza matakwa. Kwenye meli yao ya Icon of the Seas, iliyoanza safari Januari 2024 na inayoweza kubeba abiria 7,600 (zipange MV Mwanza sita zilizojaa, bado hujawamaliza), kuna nyumba ya familia ya ghorofa tatu, na ndani yake mtelezo wa watoto kushukia kutoka juu.

Kwa nini? Hesabu tu. Chumba cha ndani kisicho na dirisha kinauzwa rahisi ili watu waje. Faida inatafutwa baadaye, baa, kasino, na kwenye matembezi ya bandarini. Mwenye fedha naye anaitaka meli kubwa, kwa sababu ndiyo yenye ukumbi wa maonyesho na maduka, lakini hautaki umati wake. Basi kampuni ikamkatia kipande huko juu ikakiwekea mlango. Anapata utulivu wa meli ndogo, na burudani inayolipiwa na umati ule ule anaoukwepa.

Mlango wenyewe hauna ukali wowote. Pembeni kuna kidude cha kugusisha kadi, kijani unapita, nyekundu hupiti. Lifti ndiyo iliyokuwa ikinitia mashakani. Siku moja nimesimama ndani na trei ya chai, akaingia bibi wa Kiitaliano na mjukuu, mtoto wa miaka sita hivi, akabonyeza kitufe cha juu kabisa. Kikawaka, kikazima. Akabonyeza tena kwa dole gumba, kwa nguvu zake zote. Bibi akanitazama mimi, mwenye sare. Nikamweleza kuwa huko wanapanda wageni wa huko tu. Kuna nini? Nikasema kuna bwawa. Mtoto akanishangaa: “Mbona bwawa lipo huku?”

Na ukweli ni kwamba lipo. Maonyesho ni yale yale, bahari ni ile ile, na chakula cha ukumbi wa wote kinashibisha na kusaza. Sasa hiyo bei mara tatu inanunua nini? Utaambiwa godoro, utaambiwa vinywaji, utaambiwa mhudumu wa saa 24. Vyote vipo, siwezi kukudanganya. Lakini ukiniuliza mimi, wanachouza hasa ni kutokupanga foleni. Kuna bandari meli haiwezi kutia gati, abiria wanapelekwa ufukweni kwa boti ndogo. Hapo foleni inaanzia ngazini inapita mbele ya maduka, watu wamevaa kofia zao, watoto wanalia, jua halijapanda vizuri. Mara wanatokea wageni wa juu, wamepitishwa ngazi ya nyuma, kikundi cha watu wanane hivi wakiongozwa na mhudumu wao. Kamba inavutwa, foleni inasimama, wanaingia botini, kamba inarudishwa. Nimeishika sana kamba hiyo. Walioko kwenye foleni hawagombani hata siku moja. Wanatazama chini, kwenye viatu vya wanaopita.

Baba yake asije akapata uchungu kwa kusikia hayo. Mtu aliyewahi kungoja kivuko cha Kamanga siku ya sikukuu hawezi kushindwa na foleni ya Wazungu.

Kuna jambo moja ambalo wauza tiketi hawalitangulizi. Hiyo Yacht Club iko mbele ya meli, tena juu. Wewe ni mtu wa ziwa, unajua wenyewe wa Ukerewe wakiona maji yamechafuka wanakaa wapi: katikati, tena chini. Meli inayumba kama mtu anayetikisa kichwa kukubali, na pua ndiyo inayopanda na kushuka. Watengenezaji wa zamani walilijua hilo, ndiyo maana daraja la kwanza waliliweka katikati na wanyonge wakasukumwa mbele na nyuma. Siku hizi meli ni kubwa, hazirushwi kirahisi, kwa hiyo tajiri amepandishwa mbele akaone mandhari. Bahari ya Mediterania huwa tulivu kiangazi, lakini ikikasirika, anayelipa zaidi ndiye anayetapika kwanza. Mwambie binti achague kibaraza cha katikati, deki isiyo ya juu sana.

La mwisho kwenu, makaratasi. Hispania, Ufaransa na Italia zote ziko kwenye umoja wa visa wa Schengen, visa moja inatosha. Meli ikitia nanga Tunisia katikati ya safari, ombeni ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo mtakwama kurudi. Mkipitia kwa binti kwanza, Uingereza ina visa yake peke yake. Na bakshishi: kampuni nyingi zinakata kwa siku, kwa kila kichwa, na mara nyingi wa vyumba vya kifahari wanakatwa zaidi. Binti aulize mapema kama imo kwenye bei.

SWALI: Shikamoo babu. Nina miaka 24, kwetu ni Nansio, nafanya kazi ya uhudumu hotelini hapa mjini. Nimepata wakala, anasema ataniingiza meli ya kitalii moja kwa moja kuwa mhudumu binafsi wa matajiri, mshahara mnono. Anataka nitangulize milioni mbili na nusu. Nitoe? – Kijana wa Nansio

JIBU: Marahaba mwanangu. Usitoe hata mia. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unakataza wakala kumtoza baharia fedha ya kumtafutia kazi. Unachoweza kulipia mwenyewe ni pasipoti, kitabu chako cha ubaharia na cheti cha afya. Anayetaka milioni mbili na nusu anatafuta kodi ya nyumba yake.

Na hakuna “moja kwa moja”. Wahudumu wa vyumba vile wanachukuliwa wenye uzoefu, wengi wametokea hoteli kubwa au wamepanda kutoka chini humo humo melini. Anza na mafunzo ya msingi ya usalama wa baharini, pale chuo cha ubaharia cha DMI, Dar es Salaam, maana bila cheti hicho huguswi. Kiingereza chako kiwe cha kuongea, si cha kujibu mtihani.

Ujue pia unakokwenda. Abiria wanagawanywa kwa kadi, sisi tuligawanywa kwa mabega. Wenye mistari mabegani, maofisa, wana ukumbi wao wa chakula. Wapo wa kati, wanamuziki, wauza duka, watu wa michezo. Halafu wapo mabaharia wa kawaida, ambao ndio wengi: wapishi, wafagiaji, wahudumu. Hao wanalala wawili wawili kwenye vitanda vya ghorofa, deki za chini kabisa, ukutani unasikia maji. Kule chini kuna ushoroba mrefu unaokata meli kutoka mwanzo hadi mwisho, mabaharia wa meli za Kimarekani wanauita I-95 kwa jina la barabara kuu ya kwao. Utapita hapo na magodoro, na takataka, na keki ya harusi ya mtu. Mkataba ni miezi sita mpaka tisa, kazi siku zote saba. Wa deki ya abiria hatauona ushoroba huo, na wewe hutaogelea kwenye bwawa lake. Ukilijua hilo kabla hujaondoka Nansio, utafanya kazi vizuri. Nilikuwa na mwenzangu aliyelijulia ndani ya meli, akarudi nyumbani kabla mkataba haujaisha, kwa nauli yake.

SWALI: Mzee, mimi ni mwalimu. Wanafunzi wangu walibishana: meli ikipata ajali, wa VIP wanaokolewa kwanza? – Mwalimu, Kemondo

JIBU: Kwa sheria, hapana. Meli za kitalii zinatakiwa kuwa na nafasi za kuokolea zinazozidi idadi ya watu, na kila abiria anapangiwa kituo chake cha kukusanyika, anaelekezwa hapo mwanzoni mwa safari. Tajiri anaweza kusimama kwenye boti moja na mpishi wa chapati.

Sheria hizo zilianzia kwenye Titanic, mwaka 1912, na hapo wanafunzi wako wana haki ya kubishana. Daraja la kwanza waliokoka kama 6 katika kila 10, la tatu kama mmoja katika kila wanne. Wa la tatu walilala mbali na maboti, na kulikuwa na vizuizi kati yao na deki nyingine kwa sababu ya sheria za Marekani za uhamiaji.

Lakini kwa watoto wa Kemondo mfano uko karibu zaidi, na najua huko kwenu hauhitaji utangulizi. MV Bukoba ilipita bandari yenu kabla ya kuzama karibu na Mwanza, Mei 21, 1996. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili ilikuwa na majina 443. La tatu halikuwa na orodha. Ndiyo maana hesabu ya waliokufa haikuwahi kukubaliwa na wote mpaka leo.

Kwa hiyo wafundishe kudai kuandikwa. Jina kamili na namba ya simu ya ndugu, hata kwa tiketi ya bei ya chini kabisa, hata karani akisema ana haraka. Jina lisiposomeka, wamrudishie kalamu.