Jibu: Bustani ya Malindi wakati wa kiangazi

Dada, umeuliza upande nini hapa Malindi bustani ipendeze hata kaskazi ikikausha kila kitu. Anza na waridi la jangwani: huchanua kiangazi, mara nyingine likiwa halina hata jani moja. Ila utomvu wake ni sumu, wawindaji wa zamani waliupaka kwenye mishale, kwa hiyo liwe mbali na watoto na mbuzi. Kwa kivuli, mkwaju. Mbuyu nao, kama una nafasi na subira. Maua yake hufunguka jua likizama, popo huyajia usiku, kesho yake yameshanyauka. Asumini ni mgeni, lakini mimi siwezi kukaa bila harufu yake. Miche itie ardhini masika yakishika, Aprili. Na kabla hujanunua chochote, katembee Gede, kwenye magofu ya mji wa kale karibu na Malindi, uione miti yetu ikiwa mikubwa.