Kabla ya Kuanza na Thief ya Mwaka 2014

Msomaji mmoja kijana ameniandikia kwamba ameikuta Thief ya mwaka 2014, mchezo wa video wa mwizi anayejificha gizani, ikiuzwa kwa bei nafuu, na anataka kujua kama inafaa kwa mtu anayeanza michezo ya kunyata. Nimemjibu aanze na Thief ya kwanza, ya 1998, na sababu zake nitazieleza hapa, kwa kuwa jambo hili bado linaniuma.

Sisi tuliolelewa na hiyo ya kwanza, Thief: The Dark Project ya Looking Glass Studios, tulifundishwa kusikiliza. Katika jumba la Bwana Bafford, unakoingia kupitia kisima ili uibe fimbo yake ya vito, zulia humeza hatua zako, ilhali sakafu ya vigae huzitangaza kwa kila mlinzi aliye karibu. Misheni za mbele zilitupa mshale wa kamba ulionasa kwenye mbao; ukiiona boriti juu, tayari una njia, hata kama waliolibuni jengo hawakuifikiria. Nilizimaliza zote kwa kiwango cha juu cha ugumu, kisichoruhusu kuua mtu, na najivunia hilo hadi leo.

Baada ya Thief ya tatu, Deadly Shadows ya 2004, tulingoja miaka kumi. Studio ya Eidos Montréal walipoleta toleo lao, hilo la 2014, mshale wa kamba ulinasa pale tu walipopachagua wao, na kitufe cha kuruka kilikuwa kimeondolewa. Ukitaka kuhama mtaa, mara nyingi unasimama mbele ya dirisha na kubonyeza kitufe kilekile mfululizo mpaka mtaimbo ulifungue. Vivuli vyake vinapendeza, sikatai, lakini usiku baada ya usiku nilitafuta njia yangu mwenyewe nikaambulia njia zilizokwisha kuchorwa.

Ukiwa umeshainunua, jipangie mwenyewe kiwango cha ugumu na uzime Focus, ile nguvu inayong'arisha vitu vya kuibwa. Vaa vipokea sauti, usiharakishe, sikiliza. Mwizi asiyesikiliza hukamatwa, na mchezaji anayekubali kuonyeshwa kila kitu hajifunzi kunyata. Yeye hukubali kuongozwa, akazoea, na kampuni nazo zikazoea kumuuzia hivyo hivyo.

Kisha tafuta Thief II ya mwaka 2000. Ukifika misheni ya Life of the Party, utavuka mji juu ya mapaa hadi mnara wa Angelwatch, na njia ya kufika huko utaichagua wewe.