Barua kwa mwanangu: kabla hujasaini hiyo ofa

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka Morogoro, sisi wazima. Sauti uliyonitumia jana usiku sikuijibu palepale kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hamshauri mwenzake. Asubuhi nimeisikiliza tena, nikachukua karatasi nikapiga hesabu.

Unasema idara yenu inafungwa na watu wanapunguzwa. Wewe mtu wa utumishi amekuita pembeni akakukabidhi barua ya ofa: ukafanye kazi kwenye kampuni nyingine ya tajiri huyohuyo, pale Ubungo, kwa shilingi 700,000 badala ya 1,040,000 unazopata sasa. Mimba ina miezi mitano na ofisini hujamwambia mtu. Mumeo anasema ukatae, hiyo ni dharau. Wewe unaogopa kukaa nyumbani bila kazi na tumbo ndilo hilo linakua. Kisha unaniuliza: "Mama, nikubali au nikatae?"

Naona nyumba nzima mnabishana juu ya mshahara. Mshahara ni jambo la pili. La kwanza ni nani atakuwa mwajiri wako kwenye hiyo karatasi mpya, na utumishi wako, yaani muda uliofanya kazi, utaanza kuhesabiwa lini. Umenisomea barua yote lakini hapo umepapita haraka: "ajira mpya kuanzia tarehe mosi". Mama, hayo maneno matano yana gharama kuliko hizo laki tatu na arobaini.

Sikiliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwanamke siku 84 za likizo ya uzazi kwa malipo, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Hilo kila mtu analijua, hata waliokuwa wanasinzia kwenye semina. Wasichokijua wengi ni kwamba sheria hiyohiyo inasema mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kazini hana haki ya likizo yenye malipo. Sasa hesabu kwa vidole. Ukianza Ubungo tarehe mosi, utajifungua ukiwa na miezi mitatu na kitu kwa mwajiri huyo. Miaka yako sita yote imebaki kwa yule wa zamani. Na kwa hiyo miezi sita ya mwanzo, kifungu kinachomlinda mfanyakazi asiachishwe bila sababu ya haki nacho hakikufuniki. Kukubagua kwa sababu ya mimba ni kosa tangu siku ya kwanza, hilo halibadiliki, lakini wewe hutaki kulea mtoto mchanga huku unakimbizana na kesi.

Simtuhumu mtu kwamba amepanga hivyo. Kama hujasema una mimba, yule wa utumishi labda anaona amekusaidia, maana wenzako hawakupewa hata hiyo karatasi.

Ingekuwa ni kampuni ileile, umeshushwa nafasi na mshahara lakini utumishi unaendelea, ningekwambia saini kesho, ulie ukimaliza. Likizo ya uzazi ungeipata, hata kama ni kwa mshahara mdogo. Kwa hii ya Ubungo, usisaini ilivyo. Lakini pia usiikatae. Hapo mimi na mkwe wangu tunatofautiana, na umwambie nimemsalimia sana kabla hujamsomea sehemu hii.

Sababu ni hii. Anayepunguzwa kazini, akiwa ametimiza angalau mwaka mmoja, analipwa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka kamili aliofanya, mwisho miaka kumi. Wewe unafanya kazi siku sita kwa wiki, kwa hiyo gawa 1,040,000 kwa 26, unapata 40,000 kwa siku. Mara saba ni 280,000. Mara miaka sita, 1,680,000. Hiyo fedha ni yako. Lakini sheria inaongeza kwamba mfanyakazi akikataa kazi mbadala bila sababu ya maana, iwe ni kwa mwajiri wake au kwa mwajiri mwingine, kiinua mgongo hakipati. Sasa wewe ukiingia ofisini kwa hasira za mumeo ukasema "sitaki, mnanidharau", umewapa sentensi ya kuandika kwenye faili. Sababu za maana unazo mbili, mshahara umekatwa karibu theluthi na likizo ya uzazi inapotea. Ila sababu iliyobaki mdomoni hakuna atakayeisoma baadaye.

Basi andika. Barua fupi, bila makali, kitu kama hiki:

"Nimepokea barua yenu na ninashukuru kwa nafasi mliyonipa. Sijaikataa. Naomba ufafanuzi wa mambo mawili kabla ya kusaini. Kwanza, utumishi wangu wa miaka sita utambuliwe na mwajiri mpya kama utumishi unaoendelea. Na kama haiwezekani, nilipwe stahiki zangu zote na mwajiri wa sasa, na mkataba mpya utaje kwamba nitapata likizo ya uzazi ya siku 84 kwa malipo. Pili, naomba mshahara uliopendekezwa ujadiliwe upya. Ninaambatanisha cheti cha daktari kinachoonyesha tarehe ninayotarajia kujifungua."

Toa nakala, wagonge muhuri wa kupokea na tarehe, nakala ibaki kwako. Wakigoma kugonga muhuri, itume kwa barua pepe. Likizo yenye malipo wanaweza kabisa kuiandika kwenye mkataba wa mtu mgeni. Sheria inaweka kiwango cha chini, haimzuii tajiri kuwa na utu.

Umeona hapo mwisho nimetaja cheti cha daktari. Najua unaficha. Shoga zako wamekuambia ukisema una mimba utakuwa wa kwanza kwenye orodha. Mimi nakwambia kinyume chake. Mimba hairuhusiwi kuwa sababu ya kumwachisha mtu kazi, lakini utamshika vipi mwajiri kwa jambo ambalo atasema hakulijua? Halafu kuna tarehe: mwajiri anatakiwa kupewa taarifa ya likizo ya uzazi angalau miezi mitatu kabla ya siku ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Wewe umebakiza miezi minne. Kwa hiyo huna zaidi ya wiki nne za kuendelea kuvaa hayo magauni mapana. Nenda kliniki wiki hii, uombe cheti, na kadi yako uipige picha kurasa zote.

Jambo ambalo sitaki ulifanye hata wakikubembeleza vipi ni kuandika barua ya kuacha kazi. Watakuja na maneno matamu: "Andika tu dada, ni utaratibu, unaacha huku tunakuajiri kule." Ukiandika hivyo umejiondoa mwenyewe. Hakuna kupunguzwa, hakuna kiinua mgongo, na lile fao la kupoteza ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii unaokatwa kila mwezi, halitolewi kwa aliyeacha kwa hiari yake. Kwa aliyechangia miezi 18 na zaidi fao hilo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, yaani kwako kama 346,000 kila mwezi. Usiichezee kwa sahihi moja.

Na chochote utakachopewa kusaini kwenye vikao, soma kichwa cha karatasi. Nilipokuwa mwakilishi wa wafanyakazi kule kiwandani Kihonda, tuliitwa kwenye kikao cha kupunguzwa, ikazunguka karatasi ya mahudhurio: jina, namba ya kazi, sahihi. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kichwa. Wa pili ulikuwa na mistari tu. Mama mmoja wa kitengo cha kusokota, hajui kuandika, alibonyeza kidole gumba kwenye wino wa bluu akajifuta kwenye khanga, tukacheka. Tulipofika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kunakopelekwa migogoro ya kazi, tukaukuta ukurasa ule wa pili umebanwa pini nyuma ya karatasi iliyosema sisi wote tumekubali kuachana na mwajiri kwa hiari. Alama ya kile kidole ilikuwa palepale, bluu. Ilichukua muda mrefu sana kuibandua. Tangu hapo mimi hata daftari la wageni msibani naliangalia juu kwanza.

Halafu mwajiri naye ana wajibu wake, usidhani anakufanyia hisani. Anapofikiria kupunguza watu anatakiwa atoe notisi ya kusudio, aeleze sababu, aonyeshe alijaribu nini kuepusha au kupunguza idadi, aseme watu wanachaguliwa kwa kigezo gani, lini, na watalipwa nini, kisha ajadiliane na chama chenu au na nyinyi wenyewe kabla hajafikia uamuzi. Kumwita mtu mmoja pembeni na bahasha si majadiliano. Waulize wenzako kama kuna kikao kimeitishwa. Una miaka sita hapo. Kama kuna aliyeingia mwaka jana anafanya kazi kama yako na amebakizwa, uliza kigezo kilikuwa nini. Mkishindwa kukubaliana, shauri linapelekwa Tume kusuluhishwa. Na kama barua ya kuachishwa itatoka na unaona haikuwa ya haki, una siku 30 tu za kufungua mgogoro. Nimeona watu wenye haki kabisa wamekwenda siku ya arobaini, baada ya kuzunguka kwa mchungaji na kwa mjomba aliyewahi kufanya kazi wizarani.

Sasa tuje kwenye huo mshahara wenu. Kwenye karatasi umepungua 340,000. Mfukoni si hivyo. Kwa sasa, ukitoa asilimia kumi ya NSSF na kodi, unabaki na kama 824,000. Kwa 700,000 makato yote yanashuka, kodi inatoka 112,000 hadi 42,000, na mkononi utabaki na 588,000. Tofauti halisi ni 236,000 kwa mwezi. Mkopo wa chuo wa Bodi ya Mikopo ulishamaliza, tumshukuru Mungu. Toa na nauli: Kimara hadi Ubungo si sawa na Kimara hadi Posta, na ukiwa na tumbo la miezi minane kusimama kwenye mwendokasi asubuhi ni adhabu. Sisemi ni mshahara mzuri. Nasema si msiba, ilimradi zile siku 84 ziwe ndani. Kwa 700,000, hizo siku ni karibu milioni mbili. Ndizo zitakazolipa kodi ya nyumba wakati umekaa unanyonyesha.

Wakikataa yote mawili, yaani hawaendelezi utumishi na hawaandiki likizo, basi kataa kwa maandishi, sababu zile mbili, upunguzwe kama wenzako. Utadai mshahara wa siku ulizofanya, notisi ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi si chini ya siku 28, siku za likizo ambazo hukuchukua, kiinua mgongo, na cheti cha utumishi. Cheti usikisahau, utakihitaji mtoto akianza kutambaa na wewe unaanza kutembeza bahasha. Ukijumlisha na fao la NSSF, una miezi ya kupumua. Hautakuwa umetupwa barabarani.

Ila fao ni kwa michango iliyofika. Makato kwenye hati ya mshahara si ushahidi kwamba fedha ilipelekwa. Leo hii chukua taarifa ya michango yako, uangalie mwezi kwa mwezi, na ukikuta pengo usiseme utalifuatilia baadaye. Ukiwa bado ndani wanakujibu. Ukishatoka utaambiwa mhasibu yuko likizo. Na uliza kadi ya bima inakoma lini, maana kama ni mwisho wa mwezi, vipimo vyote unavyodaiwa kliniki uvimalize kabla.

Kuhusu dharau, mwambie mkwe wangu namwelewa. Mwanaume anayemwona mkewe mjamzito anashushwa mshahara lazima aumie, na ningemshangaa asingeumia. Lakini tajiri haumii kwa wewe kukataa kwa sauti. Aumie kwa kulipa anachodaiwa. Kisha mkewe akajifungue, na nafasi nyingine zitatafutwa akiwa na nguvu zake. Baba yako anasema nikuandikie kwamba yeye yuko upande wangu. Sijui kama amesikiliza hata hiyo sauti yako, alikuwa anaangalia mpira.

Nitumie picha za barua hiyo kwa WhatsApp, kurasa zote, hata ule ambao unaona hauna kitu. Wakikuuliza kesho umeamua nini, sema unajibu kwa maandishi Jumatatu. Mimi nakuja Ijumaa na SGR ya jioni, tutaiandika pamoja Jumamosi. Mumeo asije stesheni kama atachelewa kutoka kazini, nitachukua bajaji.

Mama yako