Maswali Yenu: Ufagio Mkononi mwa Mvulana

Mwanangu wa kiume ana miaka 12. Hufagia na kuosha vyombo bila ubishi, lakini akisikia sauti za wenzake nje huutupa ufagio. Nimekosea wapi? (Mama, Tanga)

Hujakosea, mama. Anachokimbia si ufagio, ni kicheko. Utafiti wa kimataifa kuhusu vijana wa miaka 10 hadi 14, uliogusa miji kama Kinshasa, Shanghai na Assiut ya Misri, na ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba hata katika jamii zisizofanana kabisa watoto wa umri huo wameshaamini kuwa msichana ni dhaifu wa kulindwa na mvulana ni mwenye nguvu wa kujitegemea. Tena msichana anayecheza mpira huvumiliwa kuliko mvulana anayefanya mambo yanayoitwa ya kike, ambaye hudhihakiwa na wakati mwingine kupigwa. Kumkaripia hakutasaidia. Baba yake akifagia uani asubuhi, majirani wakimwona (wala si usiku mlango umefungwa, kama wengi wetu tufanyavyo), mtoto atapata cha kuwajibu wenzake.

Je, lawama ya watoto kugawanywa hivi, kazi za kike na za kiume, ni ya jando na unyago? (Mwalimu, Lindi)

Kwa sehemu tu. Unyagoni mwali hufundishwa usafi wa hedhi na heshima, mambo ambayo shule nyingi huyapitia juu juu, ingawa hufundishwa pia kumtumikia mume. Lakini mwalimu, darasani kwako nani hutumwa maji, na nani huteuliwa kiranja mkuu? Hata sheria hufundisha: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka umri wa chini wa ndoa kuwa miaka 18 kwa mvulana, na 15 kwa msichana kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019.

Na simu je, si ndizo zinazowafundisha watoto haya? (Baba, Dodoma)

Simu hukuza yale ambayo mtoto ameshayaona sebuleni. Anzia hapo.

Binti yangu anasema kaka yake anapendelewa, nami sioni. Nitajuaje? (Baba, Morogoro)

Kwa wiki moja, andika kila mmoja anafanya nini kuanzia saa kumi jioni hadi saa mbili usiku: nani yuko kisimani, nani yuko uwanjani, nani amefungua daftari na saa ngapi. Kisha mpe binti yako aisome karatasi hiyo kabla yako.